Seti Nyekundu

Kabla Kasiva hajawaogopa watu wa Mbumbuni kwa sababu ya maana, aliwaogopa kwa sababu ya viatu. Viatu vyake vya kutokea vilikuwa vimebanduka ukingoni, na kesho yake alikuwa anapeleka mbuzi wa ntheo, ile posa ya kwanza ya Wakamba, nyumbani kwa Mbinya, msichana aliyezaa na mwanawe Kyule. Mama wa msichana aliitwa Mbula. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao, mwanamke mwenye sauti na kilemba kisicholala, na habari zilizofika kwa kina Kasiva, Kikima kule mlimani, zilisema kwamba mgeni akiingia kwake humkagua kuanzia chini.

"Mbuzi wetu ni wembamba," Kasiva alimwambia mumewe. "Viatu ndio hizi. Lakini hii kitu ya shingo, wacha watafute makosa mpaka wachoke."

Alikuwa ameketi mlangoni, sinia la bati mapajani, jua la alasiri likimwangukia mikononi. Mkufu ulikuwa umekwisha. Bangili ilikuwa imekwisha. Zilibaki hereni, na kitu cha seti hakiitwi seti mpaka hereni zikubaliane na shingo. Vyote vilikuwa vya namna moja: ushanga mdogo mweupe wa kioo, na katikati yake mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, zile ambazo watu wa pwani huziita maturituri na ambazo huku huparamia michongoma kule bondeni kwenye joto bila kupandwa na mtu.

Musyimi, mumewe, mzee mpole aliyependa mambo yapite bila kelele, alikuwa anasubiri jiko ili achemshe chai. "Si ungenunua tu nyekundu ya duka?"

"Ndio inichujie tena?"

Musyimi aliikumbuka ile aibu. Kasiva aliwahi kumtengenezea mke wa pasta mkufu wa shanga nyekundu za plastiki. Siku ya harambee jua liliwaka, mke wa pasta akatoa jasho, na rangi ikateremka kwenye kola ya gauni lake jeupe mbele ya waumini wote. Mpaka leo mama yule akikutana na Kasiva sokoni hushika kola. Tangu hapo Kasiva aliapa kwamba nyekundu yake itakuwa ya Mungu mwenyewe, isiyochuja. Mbegu hizi zilikuwa nzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kutundikwa dukani, na kila aliyeziona aliuliza zinatoka wapi.

Za mkufu na bangili alizichemsha kutwa nzima kwenye sufuria kuukuu mpaka zikalegea na sindano ikapita. Za hereni hakuzichemsha. Kuni zilikuwa zimelowa na siku zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo alichoma waya kwenye jiko la chai na kuzitoboa hivyo hivyo, moja baada ya nyingine, huku Musyimi akipeperusha moshi kwa kofia. Mbegu tatu kila hereni. Alizipanga kiganjani, akageuza kila moja mpaka macho yote meusi yakaangalia upande mmoja.

"Mama Mbinya akikosa kufurahi hapa," alisema, "basi shida iko kwake."

Alipiga picha na kumtumia Ladan, Msomali mwenye duka la nguo na mapambo kule Malili, ambaye humuuzia kazi zake. Ladan hakujibu. Kasiva hakujali, alikuwa anawaza juu ya mtoto.

Mjukuu wake alikuwa na mwaka mmoja na kidogo, na alikuwa amemwona kwenye simu tu. Mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la mama wa baba yake, kila mtu anajua hivyo, lakini Mbula alisema waziwazi: hakuna mbuzi, hakuna jina. Mpaka wakati huo mtoto aliitwa Katoto, basi. Kesho, mbele ya watu wa pande zote mbili, angepakatishwa bibi yake wa Kikima na kuitwa Kasiva. Kwa ajili ya hilo mwanamke huyu angeweza kutembea hadi Mbumbuni bila viatu vyovyote.

Walifika Mbumbuni na kusimamishwa langoni, kama ilivyo desturi, ila walisimamishwa kuliko desturi. Shangazi za msichana waliimba, wakadai hiki na kile, wakazunguka mbuzi.

"Huyu alikuja na miguu ama alibebwa?" mmoja aliuliza, akimshika mbuzi mbavu. Watu wakacheka. Kyule alicheka pia kwa sababu hakuwa na la kufanya. Kasiva alivuta kanga yake ikafunika viatu.

Walipoingizwa na kuketishwa kwenye hema, Mwau, kaka yake Mbula, mwanamume mnene mwenye fimbo ya uzee asiyoihitaji, alihesabu mbuzi kwa sauti kama mtu anayetafuta kosa. Kisha zikaja zawadi. Mbula alifungua blanketi, akasema asante. Akafungua sukari na unga, akasema asante. Akafungua kitambaa cheupe, akaona ile seti, akasahau asante.

Aliinua mkufu ukaning'inia juani. Wanawake waliokuwa nyuma yake walisimama ili waone.

"Umenunua wapi?"

"Nimetengeneza mwenyewe, mama Mbinya. Kwa nyumba."

"Na hii rangi?"

"Haichuji. Hata ukioga nayo."

Mbula alitoa hereni zake za dhahabu bandia, akampa msichana mmoja azishike, akavaa za Kasiva. Akavaa bangili. Akainama ili Kasiva mwenyewe amfunge mkufu shingoni, na wanawake wa Mbumbuni wakapiga vigelegele, wote, hata yule wa mbavu za mbuzi.

"Mama Kyule," Mbula alisema, "kumbe uko na mikono. Mimi niliambiwa tu juu ya mlima kuna baridi."

Kasiva alicheka mpaka machozi yakamtoka. Aliwahi kufurahi maishani, lakini si hivi. Mbinya, yule msichana, alitoka ndani na mtoto, akamweka kwenye mapaja ya Mbula, kwa kuwa Mbula ndiye angemkabidhi baada ya maombi. Alikuwa mtoto mnene, mwenye paji la uso la Kyule na meno manne. Alimwangalia Kasiva, kisha akaona kitu chekundu kinachocheza sikioni mwa Mbula, akakiangalia hicho.

Simu ikalia kwenye kanga ya Kasiva. Ilikuwa Ladan. Kasiva aliikata. Ikalia tena, na watu wakageuka, naye akatoka nje ya hema akiwa ameinama kwa adabu.

"Mama Kyule, hiyo picha," Ladan alisema bila salamu, na Ladan hakuwa mtu wa kuacha salamu. "Hiyo nyekundu ni shanga ama ni mbegu?"

"Ni mbegu. Nimeokota bondeni. Ziko safi, nimeosha."

"Wallahi usiuze. Usimpatie mtu. Nimeonyesha Adow, binamu yangu wa duka la dawa, ameruka. Amesema hiyo mbegu ni sumu. Moja tu inamaliza mtoto. Ikiwa nzima afadhali, ganda ni gumu, lakini ikishatobolewa ama itafunwe... Mama? Uko?"

"Nilichemsha."

"Zote?"

Kasiva alishusha simu. Aligeuka akaangalia ndani ya hema. Mchungaji alikuwa amesimama kuomba na watu wameinamisha vichwa. Mtoto peke yake hakuwa amefumba macho. Alikuwa amesimama kwenye mapaja ya Mbula, akimshika shavu, mkono mwingine ukiifuata hereni.

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba Kasiva alikimbia. Hakukimbia. Alitembea. Maneno mawili yalianza kupigana kichwani mwake. Neno moja lilikuwa mtoto. La pili lilikuwa sumu, na mwanamke anayesimama kwenye ntheo ya mwanawe, mbele ya ukoo wa watu, akatamka kwamba amewaletea sumu, hatatembea tena na jina lake. Ukambani kuna neno la mtu kama huyo. Ni muoi, mchawi, na watu wameshachomewa nyumba kwa madogo kuliko hayo.

Kwa hiyo alitafuta njia ya tatu. Alipita kati ya viti maombi yakiendelea, akapiga magoti kando ya Mbula, akanong'ona, "Mama Mbinya, samahani. Nimeona uzi umelegea hapo. Nipatie hereni na mkufu nikaze kidogo, nitarudisha saa hii."

Mbula alifungua jicho moja. "Tunaomba."

"Kidogo tu. Hata hereni peke yake."

"Kwani mmepeana ama mmekopesha?" Mbula alinong'ona, lakini mnong'ono wake ulikuwa wa mwenyekiti, na mistari miwili ya nyuma iliusikia. Mtu akacheka puani. Musyimi, aliyeona mkewe akiomba zawadi irudishwe, alitamani ardhi immeze.

"Mama Kyule, kaa chini," alisema polepole. "Unatuaibisha."

Kasiva alinyoosha mkono hata hivyo. Mbula aliukwepesha uso wake kwa hasira, mtoto akashika sawasawa, na ndoano ya hereni ikatoka sikioni. Mtoto alicheka. Akaitia mdomoni.

"Toa!" Kasiva alipiga kelele. "Mtoeni mdomoni! Iko na sumu! Hiyo mbegu ni sumu!"

Maombi yalikatika.

Mbinya ndiye aliyewahi. Alimpindua mwanawe kifudifudi, akaingiza kidole mdomoni, hereni ikatoka na mate mengi, mtoto akaanza kulia. Mbula akachomoa ile ya sikio lingine. Wakaziweka pamoja kiganjani, na kwa kuwa Kasiva alikuwa fundi asiyekosea, hakukuwa na haja ya kuuliza. Hereni zilikuwa pacha. Moja ilikuwa na mbegu tatu. Nyingine ilikuwa na mbili, na uzi uliokatika.

"Moja haipo," Mbinya alimwambia mama yake. "Mwaitu, mama, moja haipo."

Mwau alikuwa amesimama. "Huyu mama amesema nini?"

"Amechoka," Musyimi akadakia, akitetemeka. "Mke wangu amechoka na safari, msimskize, ni kizunguzungu tu."

Yale yalikuwa maneno ya mtu mwenye hofu, na hakuna aliyemchukia Musyimi zaidi kwa ajili ya maneno hayo kuliko Musyimi mwenyewe, baadaye. Kasiva alimgeukia. "Sijachoka. Ni sumu. Nimepigiwa simu saa hii. Mtoto apelekwe hospitali, tafadhali, tutaongea baadaye, mtanifanya yenye mnataka lakini mtoto aende."

"Umeleta sumu kwa ntheo," Mwau alisema taratibu, akitaka kila mtu asikie. "Umefunga dada yangu sumu kwa shingo na mikono yako. Na tukakupigia vigelegele."

"Sikujua!"

"Uoi," mwanamke mmoja alisema nyuma. Uchawi. Hakulipaza neno. Lilipita tu kutoka kiti hadi kiti, na watu wakaanza kuwasogelea wageni wa Kikima kutoka pande zote.

"Labda imeanguka," Kyule alisema. Uso wake ulikuwa umekuwa wa mtoto. "Labda hakumeza. Tafuteni chini! Tafuteni!"

Hilo liliwaokoa kwa muda. Watu wote wa hema, shangazi, mchungaji, Mwau na fimbo yake, walipiga magoti na kupekua vumbi. Waliinua viti. Waliinua mikeka. Kasiva alitambaa katikati yao na hakuna aliyemfukuza, kwa sababu ni yeye aliyeijua ile mbegu kwa kidole. Ni yeye aliyeipata pia, chini ya kiti cha Mbula, karibu na mguu wa kiti.

Ilikuwa nusu. Upande wa jicho jeusi ulikuwepo. Upande mwekundu ulikuwa umetafunwa.

Mbula alivua mkufu kwa nguvu mpaka uzi ukamkata shingo, akavua bangili, akatupa vyote chini, akamchukua mtoto. Kyule alikuwa ameshawasha gari lao, ile Probox waliyokodi kuletea unga. Mbinya akaingia, Mbula akaingia, na Kasiva alipofika mlangoni Mbula akaufunga mbele ya uso wake.

"Wewe baki."

Gari likaondoka na kilio cha mtoto ndani yake.

Mwau aliagiza petroli. Alisema vitu hivyo vichomwe pale pale, kabla havijamaliza nyumba, na mchungaji, ambaye hakuwa na uhakika, alisema labda tuombe kwanza halafu tuchome. Kijana mmoja alishachovya kitambaa.

Kasiva aliuangukia ule mkufu kwa kifua chake.

"Msichome! Daktari ataangalia nini? Atajuaje ni sumu gani?"

"Toka hapo, mama."

"Nichomeni nayo, basi."

Alisema hivyo bila kufikiri, na alipoona jinsi walivyomtazama alielewa kwamba hilo halikuwa jambo lisilowezekana. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, aliogopa moto, aliogopa ule mkono wa kijana na kitambaa chake, na katikati ya hofu hiyo akaona jambo moja kwa uwazi: kila dakika anayolala hapo, Katoto yuko mbele ya daktari asiyejua.

Aliyemwokoa ni yule shangazi wa mbavu za mbuzi. "Mwau, mwache aende nazo," alisema kwa ukali. "Mtoto akifa kwa sababu ulichoma dawa yake, utaambia dada yako nini? Na kama anatoroka, si mzee wake yuko hapa?"

Kwa hiyo ilikubaliwa. Musyimi angebaki. Alikalishwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya uwanja, pamoja na mbuzi, na vijana wawili wakasimama nyuma yake.

"Nenda," Musyimi alimwambia mkewe. Hapo tu, siku nzima, sauti yake haikutetemeka. "Mimi niko sawa. Nenda, kimbia."

Kasiva alifunga mkufu, bangili, hereni na ile nusu kwenye leso, akapanda pikipiki ya kwanza iliyokubali kumbeba.

Hospitalini walikuwa wamempa mtoto dawa nyeusi ya makaa, na alikuwa ametapika mara ya kwanza. Daktari, kijana mwenye macho yaliyokosa usingizi, alifungua leso juu ya meza.

"Hizi za mkufu zina tundu pana," alisema. "Za hereni zina alama ya moto."

"Za mkufu nilichemsha, kutwa nzima. Za hereni sikuchemsha. Nilitoboa na waya ya moto."

"Na alitafuna ya hereni."

"Ndiyo."

Aliandika. Kasiva alimngoja aseme kitu kibaya au kizuri, chochote.

"Mama, umefanya vizuri kuleta," daktari alisema. "Lakini sitakudanganya. Hii sumu haina dawa yake yenyewe. Tunampatia maji, tunamwangalia. Na inachelewa. Akicheza saa hii usiseme amepona, na akitapika usiseme amekufa. Ngojea kesho, labda hata kesho kutwa."

Mbinya peke yake aliruhusiwa kukaa kando ya kitanda. Wengine walitolewa barazani, kwenye benchi refu la mbao. Mbula aliketi upande huu, Kasiva upande ule. Kyule hakuweza kuketi karibu na mama yake wala na mama mkwe, akaenda kusimama langoni, ambako kulikuwa na polisi anayelinda. Kasiva alimwona mwanawe akiongea na polisi yule. Labda waliongea juu ya sigara. Yeye aliamini wanaongea juu yake.

Usiku ulipita hivyo. Kila mlango ulipofunguka wanawake wote wawili walisimama, na kila mara alikuwa mgonjwa mwingine.

Kulipokucha Mbula alisema, akiangalia mbele, "Ulijua."

"Sikujua. Ningejua ningepeleka kwa nyumba ya mtoto wangu?"

"Si hiyo. Ulikuja ukapiga magoti ukaniambia uzi umelegea. Wakati huo ulikuwa umepigiwa simu."

Kasiva alikunja kanga mapajani, akaikunjua.

"Ndiyo. Wakati huo nilijua."

"Na hereni bado iko kwa sikio yangu. Mtoto bado hajashika." Sauti ya Mbula ilikatika, akaitafuta, akaipata. "Mbona hukusema?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kujitetea na Kasiva aliyajua yote. Alikuwa amechoka mno kuyatumia.

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Wewe. Na ndugu yako. Na hao wote. Tangu langoni nilikuwa nakuogopa. Nilifikiri nikisema sumu, mtoto wangu hataoa na mimi mtaniita jina siwezi kutoa. Nikajaribu kuficha. Ile dakika ndio inaniua, mama Mbinya. Si mbegu. Mbegu sikujua. Ile dakika nilijua."

Shingo ya Mbula ilikuwa na mstari mwekundu pale uzi ulipomkata, naye aliupapasa bila kujua.

"Ungenipokonya tu," alisema.

"Ungekubali?"

Mbula aliwaza. Alikuwa mwanamke mkali lakini hakuwa mwongo.

"Singekubali," alisema. "Ningekuita mwizi."

Baadaye alitoa simu, akampigia kaka yake. "Mwau. Huyo mzee wa watu bado mmemkalisha? ... Amekula? ... Nimekuuliza kama amekula! Mpatie chai, na mpeleke ndani alale. Hapana, bado hatujui. Mpatie chai."

Akarudisha simu kwenye mkoba. Hawakusogeleana, ila Mbula alihamisha ule mkoba uliokuwa kati yao, akauweka chini.

Jua lilikuwa limeshapanda mlango ulipofunguka na muuguzi akatoka na karatasi mkononi. Nyuma yake, kule langoni, yule polisi alikuwa anakuja kwa miguu mizito.

"Watu wa Kasiva!" muuguzi aliita.

Kasiva alisimama. Basi, aliwaza, ni sasa, mtoto amekwenda na mimi ninachukuliwa. Alitaka kusema ni mimi lakini mdomo haukufunguka. Polisi alimpita, akaenda zake bombani kunywa maji.

"Watu wa Kasiva Kyule ni akina nani?" muuguzi aliuliza tena kwa haraka ya mtu mwenye kazi nyingi.

"Ni sisi," Mbula alisema.

Kasiva alimgeukia. Mbula alikuwa anajifunga kilemba upya ili asimwangalie.

"Jana waliniuliza mtoto anaitwa nani," alisema. "Ningewaambia Katoto? Hiyo si jina ya mtu kufa nayo. Nikaandikisha yake yenyewe. Mbuzi si mlileta?"

"Mama yake amelegea, lazima apumzike," muuguzi alisema. "Mtoto ametapika usiku wote, sasa amelala, maji yanaingia vizuri. Daktari amesema bado tunaangalia, leo yote na kesho. Mtu mmoja aingie akae naye. Mmoja tu."

Kasiva alirudi nyuma hatua. Hicho kilikuwa kitu alichokitaka tangu mtoto azaliwe, na sasa alikiogopa kuliko petroli. Kama mtoto angekufa, angefia mikononi mwake.

"Ingia wewe, mama Mbinya. Mimi nitakaa hapa."

"Sitaingia," Mbula alisema. "Jana ilikuwa nikupatie mbele ya watu. Watu hawako. Ingia."

Alikwenda kwanza bombani. Aliosha mikono kwa sabuni, akaiangalia, akaiosha tena, akasugua zile ncha za vidole zilizoungua kwa waya. Kisha akakumbuka, akatoa hereni zake mwenyewe masikioni, zile ndogo za kila siku, akampa Kyule, aliyekuwa amesogea kutoka langoni, azishike. Kyule alizipokea. Akaufunga mkono.

Ndani mtoto alikuwa amelala chali, mkono mmoja umefungwa bandeji ya mrija, midomo bado myeusi kwa makaa. Alikuwa mdogo kuliko jana. Kasiva aliinama juu yake na kusikiliza kama anapumua, na alipumua, akasikiliza tena.

Mtoto akafumbua macho. Alimtazama huyu mtu asiyemjua, muda mrefu, bila kulia. Kisha mkono usio na bandeji ukainuka polepole kutoka kwenye shuka, ukafika kwenye sikio la bibi yake, ukatafuta. Ukapapasa ncha ya sikio, ukaibana, ukatafuta tena.

"Hakuna, mwaitu," Kasiva alimwambia. "Hakuna kitu hapo."